Mkanda wa jeshi baada ya chanjo: tusifichane

Hii ni sehemu ya tano ya mazungumzo yetu ya chanjo. Wiki iliyopita tulimaliza habari ya homa. Leo ni ngozi: vipele, vidonda, malengelenge, na huo mkanda wa jeshi uliojaa kwenye inboksi yangu tangu niandike ile sehemu ya kwanza.

Swali linakuja kwa namna nyingi, ila ni lile lile. "Nesi, eti chanjo inaleta mkanda wa jeshi?" Ukimdadisi kidogo anayeuliza, unakuta yeye mwenyewe hana mkanda. Ana mtoto wa miezi tisa. Aliyepata mkanda ni shangazi yake au mama mkwe, mwaka ule watu walipochanjwa korona. Bi mkubwa alichomwa sindano, wiki mbili tatu baadaye akatokwa na malengelenge ubavuni, akalala na maumivu mwezi mzima. Nyumba nzima iliona na mtaa ukasikia. Leo mjukuu amefikia sindano ya surua na rubela, bi mkubwa kakaa kibarazani anasema, "Mtoto huyu asiguswe." Mkwe atambishiaje mama mkwe wake? Nani anaweza, kwa Tanga hii?

Ndiyo maana naandika kwa urefu. Mkanda wa mtu mzima mmoja unamnyima mtoto chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa, tena ugonjwa unaoua watoto.

Tuanze na mkanda wenyewe. Ulipougua tetekuwanga utotoni, ukaogeshwa maji ya mwarobaini, ukapona, ulidhani yameisha. Kirusi hakikuondoka. Kilirudi nyuma kikajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, pale karibu na uti wa mgongo, kikalala. Kinaweza kulala miaka 30, miaka 50, wengine hadi wanaingia kaburini hakijaamka. Kinga ya mwili ndiyo inayokishikilia. Siku kinga ikilegea, kwa uzee, kwa ugonjwa, kwa dawa fulani, kirusi kinaamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda hushika upande mmoja wa mwili, na ndiyo maana mtu huanza kusikia moto na kuchomachoma siku kadhaa kabla hajaona lengelenge hata moja.

Na ile habari ya wazee kwamba mkanda ukizunguka, ncha mbili zikakutana, mtu anakufa? Si kweli. Kila mshipa una upande wake, na kwa kawaida mkanda hauvuki katikati. Mgonjwa akitokewa mwili mzima, hapo kweli kinga yake imeshuka sana na apelekwe hospitali haraka, lakini siyo kwa sababu ncha zimekutana.

Sasa turudi kwa bi mkubwa. Ndani ya chanjo za korona zilizoletwa kwetu, Janssen, Sinopharm, Pfizer na nyingine, hakuna kirusi cha tetekuwanga. Kwa hiyo chanjo haikumwambukiza mkanda. Alikuwa nacho tangu ni kigori. Swali la haki ni lingine: je, sindano inaweza kukiamsha kilicholala?

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wahudumu wenzangu. Wengi wakiulizwa hivyo hujibu, "Uvumi huo mama, achana nao," halafu wanaita mteja anayefuata. Mimi silipendi jibu hilo. Kwanza si kamili. Mwaka 2021 watafiti wa Israel walilinganisha kundi kubwa la watu waliochanjwa Pfizer na wasiochanjwa, wakaona kwa waliochanjwa mkanda wa jeshi uliongezeka, karibu watu 16 zaidi katika kila watu 100,000. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine Marekani, wa watu zaidi ya milioni 2, haukuona ongezeko. Kwa hiyo mwenye kusema "haiwezekani kabisa" anakwenda mbali kuliko ushahidi, na mwenye kusema "chanjo inaleta mkanda" ndiye anakwenda mbali zaidi. Hata tukizishika hesabu za Israel zilivyo, ni mtu 1 katika kila watu 6,000 na kitu. Siku Coastal Union inacheza na Simba pale Mkwakwani, chanja uwanja mzima, na wa kuongezeka hapo unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Pili, jibu la "uvumi huo" linamfukuza mtu. Bi mkubwa ameyaona malengelenge kwa macho yake. Ukimwambia ni uvumi umemwita mwongo, na hatakusikiliza tena, hata siku utakapomwambia jambo la kumwokoa mjukuu wake.

Ila kuna upande wa pili ambao kibarazani hausemwi. Mkanda ulikuwepo kabla ya korona na kabla ya chanjo yake. Marekani, ambako wanahesabu vizuri, karibu mtu 1 katika kila 3 huupata maishani mwake. Na hapa kwetu, Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 na chanjo zikaanza kusambazwa mikoani, waliotangulizwa ni akina nani? Wenye miaka 50 na kuendelea, wenye magonjwa sugu kama kisukari, na sisi wahudumu wa afya. Ukituondoa sisi, hao ndio watu ambao mkanda huwapata zaidi, chanjo iwepo isiwepo. Ukichanja maelfu ya wazee ndani ya miezi michache, lazima wapo watakaotokewa na mkanda wiki inayofuata, kama ambavyo wapo watakaovunjika mguu au kufiwa. Ukila chungwa la Muheza asubuhi na jioni jino likauma, huendi kulifunga shamba la michungwa.

Na korona yenyewe je? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watu wa miaka 50 na zaidi waliougua korona walipata mkanda zaidi kuliko wenzao wasioiugua. Hilo kibarazani halifiki.

Kwa hiyo bibi kama huyo akiniuliza, ninamwamkia kwanza, nakaa chini, namwambia: bibi, inawezekana sindano iliusukuma kidogo, na inawezekana ungetoka hata bila sindano. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna kipimo cha kutenganisha haya mawili. Lakini kirusi kilikuwa chako tangu zamani, na sindano ya mjukuu wako ni kitu kingine. Wengi wakiambiwa hivyo hawagombi. Kinachowaudhi ni kuonekana wajinga.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu mtanikasirikia. Nadhani nusu ya lawama hizi kwa chanjo hazitokani na chanjo hata kidogo. Zinatokana na aibu.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka. Miaka ya 1990, dawa za kufubaza virusi hazijafika, kijana akitokwa na mkanda wa jeshi mtaa ulikuwa umeshamhukumu: "ana ngoma." Msingi upo, kwa sababu VVU hushusha kinga, na Shirika la Afya Duniani limeuweka mkanda kwenye dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya VVU. Lakini mkanda peke yake haujawahi kuwa kipimo cha VVU. Mzee wa miaka 65 mwenye kisukari anaupata. Mtu anayetumia dawa za saratani anaupata. Mtu mzima asiye na tatizo lolote linaloonekana naye anaupata.

Sasa fikiria mama wa miaka 45 pale Makorora, mjane, kaamka na malengelenge kifuani. Anajua majirani watasema nini. Halafu anakumbuka alichanjwa mwezi uliopita. Wewe ungekuwa yeye, ungesema nini? Chanjo ilikuwa kichaka kizuri cha kujifichia, naye simlaumu. Nawalaumu waliomfanya ahitaji kichaka. Tunaendesha gari na vipaza sauti mitaani kupinga uvumi wa chanjo, na kwenye foleni ya dirisha la dawa mtu anatazamwa mgongoni kwa sababu ya mkanda. Hatuwezi kuupunguza uvumi huku aibu tunaiacha pale pale.

Ndiyo, ukipata mkanda, pima VVU. Nasema wazi, na nasema kwa kila mtu, aliyechanjwa na asiyechanjwa, aliyeolewa na asiyeolewa. Pima na sukari. Majibu yakija hasi, umetoa wasiwasi. Yakija chanya, dawa zipo bure, unazianza na unaendelea kulea wanao. Hasara ni kukaa nyumbani ukisema "ni chanjo tu hii" huku kinga inaendelea kushuka.

Na usichelewe. Dawa ya mkanda ipo, inaitwa asiklovia, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza. Nasema saa 72 kwa sababu siku hizo tatu ndizo watu wa pwani tunazipoteza. Siku ya kwanza shubiri, ya pili dawa ya meno na majivu, ya tatu tunatafuta mtu wa kuandika kombe. Kombe kama ni imani yako kunywa, sina neno. Lakini litangulie na kadi ya hospitali mkononi. Majivu na dawa ya meno usipake kabisa, unakaribisha vidonda kuoza. Mkanda ukitokea usoni, hasa paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, usingoje asubuhi, nenda usiku huo huo, kwa sababu jicho linaweza kupotea. Kwa wazee, maumivu yanaweza kubaki miezi hata baada ya ngozi kukauka. Msiwaambie wanajidekeza. Yapo kweli, na yana dawa zake zaidi ya panado.

Haya, watoto.

Kwa mtoto mchanga kinachowatisha kina mama ni kidonda cha begani cha BCG, chanjo ya kifua kikuu. Ninyi mliojifungua kwa mara ya kwanza nisikilizeni. Anapochomwa inatokea lenge dogo, linapotea muda mfupi. Mnasahau. Kati ya wiki ya pili na ya sita panavimba, panakuwa pekundu, panatunga usaha, panapasuka kijidonda, kisha panakauka polepole na kubaki kovu. Inaweza kuchukua miezi miwili mitatu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe! Ni kinga inajifunza kazi. Usikamue, usipake chochote, usifunge plasta, mwogeshe mtoto kama kawaida. Tatizo ni pale uvimbe unapokuwa mkubwa na kuendelea kukua, au tezi za kwapani au shingoni upande huo zinapovimba kama kokwa. Hapo mlete. Na mama unayetumia dawa za VVU, mwambie muuguzi kabla ya sindano, siri yako italindwa. Mtoto wako ana utaratibu wake wa kufuatiliwa.

Sindano za paja, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huacha wekundu na kinundu kigumu kinachoweza kukaa wiki kadhaa bila madhara. Kitambaa cha maji baridi kinatosha. Hiyo tabia ya bibi kumkanda mtoto kwa maji ya moto na kumsugua paja mpaka analia, ikome. Mtoto kashachomwa sindano, sasa unamwongezea na kuungua.

Halafu surua na rubela, ile ya miezi 9 na miezi 18. Hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo ngozi inaweza kujibu. Watoto wachache, siku ya 7 hadi ya 12 hivi, hupata homa na vipele vyepesi, siku mbili tatu vinaondoka. Haviambukizi wenzake. Mama ambaye hakuambiwa atasema, "Wamemtia surua mtoto wangu." Aliyeambiwa mapema atasema, "Nesi alisema," na ataendelea kukoroga uji. Sentensi moja tu ya muuguzi pale kwenye benchi, haimalizi hata dakika, inatosha kuleta tofauti hiyo. Kama hujaambiwa, uliza. Sema, "Dada, ngozi yake nitarajie nini, na lini?" Ni haki yako.

Na sasa sikilizeni, nyie mnaoogopa virusi vilivyolala kuamka. Kitu kinachoamsha maradhi yaliyolala mwilini mwa mtoto kuliko karibu chochote ni surua yenyewe, ile ya mtaani. Surua inaiangusha kinga. Mtoto mwenye vimelea vya kifua kikuu vilivyotulia vinaweza kuamka. Malengelenge ya mdomoni yanamshambulia mpaka hawezi kunyonya. Homa ya mapafu na kuhara vinafuata, na wengine hupoteza macho. Tena mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba watoto waliougua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya askari wa kinga waliokuwa wamewapata dhidi ya magonjwa mengine. Yaani mtoto amepona surua, lakini mwili umesahau magonjwa uliyokuwa unayajua, na anaanza upya. Sasa bi mkubwa anayemzuia mjukuu kwa kuogopa kirusi kuamka, anamwacha wazi kwa ugonjwa unaoviamsha vyote.

Watu wa pwani tuna historia na hili. Waulizeni bibi zenu wawaonyeshe makovu ya chanjo ya ndui, baadhi bado wanayo. Chanjo ile ilikuwa na kidonda kuliko BCG, na homa juu. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali wa Merka, Somalia, pwani hii hii yetu ukipanda juu: Ali Maow Maalin, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadaye akajiunga na kampeni ya polio, akiwaeleza wazazi kisa chake, hadi alipofariki mwaka 2013. Huyo ndiye mtu wa kumtaja kibarazani.

Jambo la hatari ya kweli kwenye ngozi ni moja, na ni la dakika, siyo la wiki. Mtoto au mtu mzima akishachomwa, akavimba midomo au uso, akatokwa na mabaka ya kuwasha mwili mzima, akapumua kwa shida au kulegea, huo ni mzio mkali. Hutokea mara chache sana, kama mtu 1 katika dozi milioni 1, na dawa yake ni adrenalini inayotakiwa kuwepo chumba cha chanjo. Ndiyo maana tunawaomba mkae kwenye benchi robo saa hadi nusu saa. Najua bodaboda anapiga honi nje na Pongwe ni mbali. Mwache apige.

Na lolote lisilo la kawaida likitokea, hata kama ni mkanda, hata kama unadhani ni bahati tu, rudi ulipochanjwa uombe liandikwe. Kuna fomu ya taarifa za madhara baada ya chanjo, na taarifa hizo hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuguzi akikwambia "haihusiani" bila kuandika, mwombe kwa upole aandike hivyo hivyo. Uamuzi wa kuhusiana au kutohusiana hautolewi mlangoni. Waisraeli walizipataje zile hesabu za watu 16? Kila kilichotokea kiliandikwa.

La mwisho, kwa sababu jana tu nimeulizwa na mama aliyejifungua siku nane zilizopita, na mama yake mzazi anayemhudumia kapata mkanda. Mkanda hauambukizi mkanda. Lakini maji ya yale malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na kwa kichanga au mjamzito tetekuwanga si mchezo. Bibi ayafunike kwa kitambaa safi au nguo, anawe mikono, asimpakate wala kumwogesha mtoto mpaka yote yakauke na kufanya magaga. Shuka na taulo zake zikae mbali. Shangazi au wifi aje asaidie siku hizo. Kama mwenye mkanda ni mama mwenyewe, anaendelea kunyonyesha, ila malengelenge yakiwa kwenye titi lenyewe, titi hilo alipumzishe mtoto asiliguse, akamue ili lisijae, na hospitali aende siku hiyo hiyo.

Sehemu ya sita ni sindano ya wasichana, ya kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Maswali ya leo yaacheni hapo chini. Ya siri njoo inboksi, na picha ya ngozi ukituma, tuma iliyopigwa mchana karibu na dirisha, za usiku na taa ya simu sioni kitu.